Lebo ya Godoro Inamtisha Nani?

Hotuba ya fundi samani kwa familia zinazozungumza Kiswahili mjini Erie, Pennsylvania. Imeandikwa baadaye kwa ajili ya wale waliokuwa zamu kazini.

Wazee wangu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema: hamjambo.

Nianze na maneno yenyewe, maana kila mmoja wetu hulala juu yake. Kwenye mshono wa godoro lako kuna lebo nyeupe isiyochanika kwa mkono. Mto wako nao unayo, ukivua foronya utaiona. Kwa herufi kubwa imeandikwa kwamba, kwa adhabu ya sheria, lebo hii isiondolewe isipokuwa na mtumiaji. Nimeingia nyumba nyingi za wenzetu hapa kutengeneza upya masofa, na nimeona jinsi lebo hizo zinavyoheshimiwa. Mzee mmoja alikuwa ameikunja ya kwake na kuishonea kwa ndani, watoto wasije wakaichezea. Alikuwa hana muda mrefu tangu atoke kambini, na hakutaka kesi na serikali iliyompokea juzi.

Msimcheke. Lebo za zamani zilikataza kuondolewa, basi, zikaishia hapo. Hazikusema zinamkataza nani. Wamarekani wenyewe, waliozaliwa na kukulia humu, walizichungulia kwa hofu na kuzifanyia mizaha miaka mingi. Hayo maneno ya "isipokuwa na mtumiaji" yaliongezwa baadaye, baada ya watu kutishika bure. Anayekatazwa ni kiwanda, msafirishaji na mwenye duka. Wewe ukishalipa, mto ni wako. Ukitaka kata lebo, choma, fanya alama ya kitabu. Hakuna askari atakayebisha hodi.

Lakini nawaomba msizikate, na nimekuja kuwaeleza sababu.

Mimi nimekulia Tanga, na huko kulikuwa na misufi. Mtu akitaka godoro au mito, sufi ilichambuliwa mbegu hapo hapo uani, ikaanikwa, ikajazwa. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kiti anatazama. Alijua kilichoingia, alijua kimeingia kiasi gani, na fundi akijaribu kuchanganya na matambara alikuwa anasikia habari yake. Godoro likilala chini baada ya miaka, linafunguliwa, sufi inachambuliwa tena juani, linashonwa upya. Mama yule alihitaji lebo ya nini?

Sasa mpeleke mama huyo kwenye duka la Marekani la mwaka 1900 na kidogo. Kiwanda kiko jimbo jingine. Godoro limekuja kwa treni, limeshonwa pande zote, kitambaa cha juu kizuri kina maua. Ndani hakuonekani. Hapo ndipo watu walipoanza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Malalamiko ya nyakati zile yanataja nguo kuukuu, matambara ya jalalani, manyoya ya farasi ambayo hayakuoshwa, na vitu vilivyotoka kwenye vitanda vya wagonjwa. Vyote vikisagwa na kufunikwa kitambaa kipya, vinauzwa kama vipya. Na tukumbuke hapakuwa na antibiotiki. Kifua kikuu kilikuwa kinaua vijana, na chawa na kunguni hawakuhitaji tiketi ya kusafiria.

Waingereza walikuwa na tatizo hilo hilo, na dawa yao ya kwanza inanifurahisha kama fundi. Mwaka 1911 walitunga sheria ya matambara yaliyosagwa kwa ajili ya kujazia magodoro na viti. Wangejuaje kama matambara yameoshwa? Jasho lina chumvi, mkojo una chumvi. Wakasema basi, tupime klorini, maana ndiyo iliyomo ndani ya chumvi. Ikizidi sehemu 30 katika sehemu 100,000 za matambara, mzigo ni mchafu, na aliyeuza ana kesi. Huna haja ya kujua nguo ilivaliwa na nani wala alikuwa anaumwa nini. Chumvi yenyewe inasema.

Wamarekani walichukua njia ya karatasi. Jimbo moja baada ya jingine likatunga sheria yake ya matandiko, na hilo jambo la kila jimbo na lake ndilo limezaa fujo ya maandishi madogo mnayoyaona kwenye lebo mpaka leo. Na jimbo letu hili la Pennsylvania lilifika mbali kuliko mengi. Sheria yake ya mwaka 1923 ilitaka kila tandiko liwe na lebo inayotaja kilichojazwa ndani, jina na anwani ya mtengenezaji na muuzaji. Kama kilichomo kimewahi kutumika, lebo iseme wazi kuwa ni cha mkono wa pili na ioneshe namba ya kibali cha kukiua vijidudu. Halafu sheria ikaongeza jambo moja zito: matambara yaliyosagwa yasitumike kabisa ndani ya mifarishi, yaani yale mablanketi mazito yaliyojazwa na kushonewa. Hata yakichemshwa. Hata kama ni vipande vipya vilivyobaki kwenye kiwanda cha nguo.

Kampuni moja ya Connecticut, Palmer Brothers, ilikuwa inatengeneza mifarishi hiyo na kuiuza nchi nzima. Ikaenda mahakamani, na kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1926 kampuni ikashinda. Jaji Butler, kwa niaba ya walio wengi, alisema kwamba matambara yakiuliwa vijidudu hayana madhara, kwamba hakuna ushahidi wa mtu aliyewahi kuugua kwa sababu yake, na kwamba jimbo linaruhusu vitu vingine vilivyotumika vikishasafishwa. Kwa nini matambara tu ndiyo yapigwe marufuku? Jaji Holmes alipinga, pamoja na majaji wenzake Brandeis na Stone. Holmes aliona kwamba kama wabunge wa Pennsylvania wanaamini ugonjwa unaweza kupita humo, si kazi ya majaji kuwaambia hiyo ni hofu ya kipuuzi.

Mimi niko na Holmes, lakini sikuleta kesi hii ili tupige kura. Nimeileta kwa sababu ya kitu ambacho hakikuanguka siku ile. Marufuku ilianguka, lebo ikabaki. Tena mahakama yenyewe iliitumia lebo kama hoja: mnaogopa watu watadanganywa? Si mna lebo, na wakaguzi? Basi inatosha. Tangu hapo mpango ndio huo kwa sehemu kubwa. Kiwanda kinaruhusiwa kuweka ndani vitu vingi, ilimradi kiseme kwa maandishi na kisiseme uongo. Ndiyo maana ikawa kosa kwa mwenye duka kuing'oa. Akiing'oa ameondoa ushahidi wa pekee alionao mnunuzi dhidi yake.

Kwa hiyo tuisome. Nimeleta mto mmoja hapa, kijana upitishe.

Juu kabisa imeandikwa kwamba vilivyomo vyote ni vipya. Huo ndio mstari wa kwanza wa kutafuta unaponunua godoro, hasa kwa mtu unayempata kwenye simu au kwenye lori lililoegeshwa kituo cha mafuta na tangazo la bei ya ajabu. Kuna biashara ya kuchukua magodoro ya zamani, kuyavisha kitambaa kipya na plastiki mpya, na kuyauza. Kuyatengeneza upya si lazima iwe kosa. Kosa ni kutosema. Lililotumika linatakiwa liwe na lebo inayosema limetumika, na baadhi ya majimbo hutaka lebo hiyo iwe na rangi yake ili isifanane na nyeupe. Godoro jipya linalong'aa halina lebo hata moja? Muulize muuzaji imeenda wapi. Akisema imedondoka, mwache na godoro lake. Kunguni wakiingia kwenye nyumba ya kupanga, dola 80 ulizookoa zitakutoka mara nyingi zaidi, na ugomvi na mwenye nyumba juu yake.

Mstari unaofuata unataja kilichojazwa, kwa asilimia, na asilimia hizo ni za uzito. Shikeni hapo, kwa sababu hapa ndipo lebo na sanduku hugombana. Mto unaweza kuuzwa kwenye mfuko wenye picha ya bata na neno kubwa la kifahari. Geuza usome lebo: manyoya ya kawaida asilimia 95, manyoya laini ya kifuani asilimia 5. Hayo ya kawaida ni yale yenye uti mgumu katikati, yanayopenya kitambaa na kukuchoma shavuni saa nane usiku. Yale laini ya kifuani ndiyo ghali, na ndiyo uliyodhani umelipia. Mfuko ni tangazo. Lebo ni kiapo. Chini yake kuna sentensi ambayo mtengenezaji anathibitisha kwamba maelezo yake yanafuata sheria.

Halafu kuna namba ya usajili. Herufi mbili za mwanzo ni za jimbo lililoitoa, na zikifuatwa na herufi nyingine kwenye mabano, hizo zinaonesha mahali kilipo kiwanda. PA ni sisi hapa. Pennsylvania husajili pia watengenezaji wa midoli iliyojazwa, kwa sababu ile ile ya mto: mtoto anaukumbatia, anautia mdomoni, na hakuna anayeona kilichomo. Kwa kuwa kiwanda hakitaki kushona lebo tofauti kwa kila nchi, namba hiyo ya PA imezunguka dunia nzima juu ya midoli. Mkipiga simu nyumbani, mwambieni mtu aangalie dubu aliyenunuliwa kwenye mitumba, kule Bujumbura au Manzese. Huenda akawasomea jina la jimbo mnaloishi.

Hiyo ndiyo lebo ya uchafu. Kwenye godoro kuna lebo nyingine, na hiyo ni ya moto.

Sufi na pamba vilipotoka, ikaja sponji. Sisi mafundi tunaipenda: nyepesi, inakatika vizuri, haihitaji kuchambuliwa. Lakini imetengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, na ikishika moto haina mzaha. Mwezi Mei mwaka 1979 duka la Woolworths lililokuwa katikati ya mji wa Manchester, Uingereza, liliungua mchana, wateja wakiwa ndani. Moto ulianzia kwenye samani za sponji zilizopangwa za kuuza. Watu 10 walikufa. Moshi wa sponji ni mweusi, mzito, una sumu, na unatangulia mbele ya moto wenyewe. Wazima moto wa Uingereza walipiga kelele miaka, na mwaka 1988 ikatoka sheria ya samani zilizojazwa, yenye lebo yake ya kudumu. Wenye ndugu London au Leicester mnajua: ukitaka kutoa sofa lako kwa duka la hisani na lebo ya moto haipo, hawalichukui, hata liwe zuri namna gani. Linakwenda jalalani. Kwa hiyo wale ndugu zetu waambieni waziwazi, mkasi ukae mbali.

Hapa Marekani walianza na sigara. Mwaka 1973 kikaanza kutumika kipimo cha taifa: sigara iliyowashwa inawekwa juu ya godoro, na godoro lisiendelee kuungua chinichini. Hicho kilikuwa kipimo cha mtu aliyesinzia anavuta. Hakikumlinda mtoto aliyecheza na kiberiti, au shuka lililogusa mshumaa. Kipimo cha pili kilianza tarehe 1 Julai 2007, na hicho ni cha mwali wazi. Godoro linachomwa kwa vichomeo vya gesi, halafu linaachwa dakika 30, na katika muda huo joto linalotoa lisizidi kilowati 200 hata kwa sekunde moja. Kwa nini joto na si muda wa kuungua? Kwa sababu chumba cha kawaida kinafika mahali ambapo kila kitu ndani yake kinashika moto kwa pamoja, na mahali hapo ni kwenye takribani kilowati 1,000. Godoro la sponji tupu lingeweza kufika huko peke yake, ndani ya dakika chache. Kipimo kipya hakiahidi kwamba godoro halitaungua. Kinakununulia dakika za kuamka, kuchukua watoto na kutoka.

Ndiyo maana lebo ya pili lazima iwe na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Ukipewa godoro la msaada, tafuta tarehe hiyo. La kabla ya Julai 2007 halikulazimika kupita kipimo cha mwali. Kusema kweli, la umri huo lina mambo mengine pia ambayo hutaki kuyalalia.

Waliosoma bwenini Tanzania na Kenya naona wamenyamaza. Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994, moto wa bweni uliua wasichana 42. Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Kila moto ulikuwa na chanzo chake, na milango na madirisha yana kesi yao. Mimi nasema tu kama fundi: ukiingia bwenini ukaona vitanda vya ghorofa vimebanana, na juu ya kila kitanda sponji, hesabu za kilowati nilizowapa sasa hivi zizidishe mwenyewe.

Sasa tufike mahali ambapo mimi mwenyewe nina ugomvi na lebo.

Moto unazuiwaje kwenye sponji? Njia ya rahisi ilikuwa kemikali. California ilikuwa na kanuni tangu mwaka 1975 kwamba sponji ya ndani ya sofa istahimili mwali mdogo kwa sekunde 12. Viwanda vikaitia sponji dawa, na kwa kuwa California ni soko kubwa, sofa zile zile ziliuzwa nchi nzima. Lebo ikasema kwa fahari kwamba samani hii inakidhi kanuni. Haikusema imekidhi kwa kutumia nini. Sponji ikizeeka inamomonyoka, inakuwa vumbi, na dawa inaondoka na vumbi. Watafiti walizikuta kemikali hizo kwenye damu za watu na kwenye maziwa ya mama. Mimi kazi yangu ni kufungua masofa ya zamani. Lile vumbi la njano mnaloliona likimwagika, nimelivuta.

Mwaka 2012 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi mrefu. Daktari bingwa wa majeraha ya moto alikuwa amewaeleza watunga sheria wa California habari ya kitoto kichanga kilichoungua kikiwa kimelala juu ya mto usio na kemikali za kuzuia moto. Gazeti likatafuta rekodi. Mtoto huyo halikumpata. Na kikundi kilichokuwa kikisimamia hoja hiyo, chenye jina zuri la wananchi wanaopigania usalama wa moto, fedha zake zilitoka kwa makampuni makubwa matatu yanayotengeneza kemikali hizo hizo.

Baada ya hapo mambo yakageuka haraka. California ikabadili kipimo kutoka mwali kwenda kwenye sigara iliyowashwa, kipimo ambacho kitambaa cha juu kinaweza kukipita bila dawa. Kuanzia mwaka 2015 lebo ya sofa ikalazimika kusema moja kwa moja: zina kemikali za kuzuia moto, au hazina. Na kuanzia mwaka 2020, California imekataza kemikali hizo zisizidi sehemu 1,000 katika milioni kwenye magodoro, samani zilizojazwa na vitu vya watoto. Hata huku Erie ukinunua sofa leo, igeuze. Mara nyingi lebo ya California iko, na kisanduku kimetiwa alama.

Mnaona mtindo wake. Lebo ya kwanza ilitaja uchafu, ikaja ya moto. Dawa ya moto nayo ikaleta madhara, ikaja lebo ya dawa. Kila mara lebo mpya inashonwa mahali ambapo ya zamani ilinyamaza. Na ipo sehemu moja ambayo sasa hivi, tukiwa tumekaa humu, lebo inasema kwa sauti ndogo mno.

Magodoro mengi ya bei nafuu, yale yanayokuja yamekunjwa ndani ya boksi, hupita kipimo cha mwali bila kemikali kwa kuvaa soksi ya nyuzi za kioo chini ya kitambaa cha juu. Kwa moto ni dawa nzuri, kioo hakiungui. Lakini kitambaa cha juu kina zipu. Na sisi mtoto akikojoa tunafanya nini? Tunafungua zipu, tunafua. Zile nyuzi zinatoka, huzioni, zinaingia kwenye nguo, zulia, mabomba ya kupashia joto nyumba. Ngozi inawasha, macho yanauma, watoto wanakohoa, na kuna familia zimelazimika kutupa karibu kila kitu. California imetunga sheria ya kuzikataza nyuzi hizo kwenye magodoro kuanzia Januari 2027. Pennsylvania msisubiri. Kwenye orodha ya asilimia tafuteni maneno ya Kiingereza "glass fiber" au "fiberglass". Yakiwepo, zipu hiyo msiiguse maisha yake yote, nunueni kifuniko cha plastiki kinachofulika mkivishe juu. Na zipu ikiwepo na lebo haitaji kioo popote, bado msifungue. Mtoto ana haki ya kukojoa, lakini kifuniko kinauzwa dola chache.

Mkasi na namba ya simu yangu viko mezani. Anayetaka nimsomee lebo yake, apige picha pande zote mbili, maana nyingi zimechapwa nyuma pia, anitumie. Anayetaka kuikata, tarehe na namba abaki nazo, kwa sababu godoro likirudishwa na kiwanda kwa hitilafu, au dhamana ikidaiwa, hivyo ndivyo watakavyouliza kwanza.

Maswali. Naanza na mama wa kitenge cha kijani, ameinua mkono tangu nilipotaja kunguni.